Mlifika Uhuru, sawa, lakini msitue Cusco siku ya kwanza

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi na mume wangu tunaishi Dar, Agosti mwakani tunatimiza miaka 10 ya ndoa na tumejipangia safari ya Amerika ya Kusini, siku 21. Tumepata pakeji inayoanzia Cusco, Peru, kesho yake magofu ya Machu Picchu, halafu ziwa Titicaca, La Paz ya Bolivia, uwanda wa chumvi wa Uyuni, tunamalizia jangwa la Atacama, Chile. Sasa kuna watu wametutisha na hewa ya kule. Miaka miwili iliyopita tulipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu na wote tukafika Uhuru, kwa hiyo mume wangu anasema hizo ni porojo. Ana presha ila anatumia dawa na iko vizuri. Ratiba iko sawa? Na yeye anauliza kama huko kuna mlima wanaoweza kupanda watu wa kawaida.

JIBU:

Dada yangu, hongereni kwa miaka kumi, sio mchezo. Ratiba nimeisoma mara mbili na jibu la haraka ni kwamba njia yenu imekaa vizuri, kasoro ni mwanzo wake. Mkitoa hiyo habari ya kutua Cusco mkaweka wiki moja ya kupanda taratibu kutokea baharini, safari nzima inakaa sawa. Hayo mengine ntakayoandika ni ya kueleza kwa nini, na shemeji naomba asome mwenyewe maana akisimuliwa atasema tena porojo.

Mimi nimeongoza wageni Kilimanjaro miaka 17, Uhuru nimeshaacha kuhesabu. Mara ya kwanza naenda Andes, milima ya huko mnakokwenda, na mama watoto ilikuwa mwezi wa tano, huku kwetu mvua, kazi hakuna, nilikuwa sijagusa mlima wiki sita, nipo tu Moshi nakula na kulala. Tukapata tiketi ya bei nzuri inatushusha La Paz moja kwa moja. Uwanja wa La Paz uko kule juu El Alto, mita 4,061, yaani unatoka kwenye ndege unavuta begi lako tayari uko juu zaidi ya Horombo, kambi ya pili ya Marangu, na hujapiga hata hatua moja kufika hapo. Mke wangu ni mtu wa Pangani, Kilimanjaro yake iliishia Mandara, kambi ya kwanza, akasema imetosha, baridi hii ya nini. Basi tumefika hotelini alfajiri, lifti hakuna, chumba ghorofa ya tatu, na mimi kwa sifa nikabeba mabegi yote mawili. Ghorofa ya pili nikakaa kwenye ngazi. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, kumbe viatu vyenyewe havina kamba.

Usiku ule kichwa kiligonga kama kuna mtu anapasua kuni humo ndani. Nikisinzia pumzi inakatika, kimya, halafu inarudi kwa kishindo kama mtu aliyezama akaibuka, mke wangu ananitikisa analia anadhani ndo nakufa. Nikamwambia ni chakula cha kwenye ndege. Uongo ule ule ambao wageni wangu wananiambia kila wiki pale kambi ya Kibo na mimi nawaambia usinidanganye nakuona! Mganga hajigangi. Kesho yake yeye mzima kabisa, anatafuta supu, mimi nimelala nimefunika macho na kitambaa. Ilibidi tuhame, tukashuka mitaa ya chini ya jiji, Zona Sur, La Paz imekaa kama bakuli kwa hiyo ukishuka chini ya bakuli unapata mita mia kadhaa za nafuu, na kwa jioni hiyo hiyo nikaanza kuona vizuri.

Sasa kwa nini yeye hakuumwa na mimi niliumwa, jibu la kweli ni kwamba miili inatofautiana na hakuna kipimo cha kukuambia mapema, sio umri, sio misuli, sio idadi ya mara ulizofika kileleni. Na mwili ukizoea hewa nyembamba hauzoei moja kwa moja, ukishuka ukakaa chini wiki chache umeshasahau. Uhuru yenu ya miaka miwili iliyopita imebaki kwenye cheti ukutani. Kinachosaidia kidogo ni kujua mwili wako uliitikiaje, kwa mfano kama shemeji alitapika Kibo basi hilo ni jambo la kuliweka akilini, na nina hisia kwamba alitapika.

Tofauti nyingine watu hawaioni. Marangu mnalala Mandara kama 2,700, Horombo 3,720, Kibo 4,720, mnagusa Uhuru 5,895 asubuhi, kabla ya giza mmesharudi Horombo na kesho yake mko getini mnakunywa soda. Juu kabisa mnakaa masaa. Kwa ratiba yenu ya huko, kuanzia Cusco (3,400) mpaka mnatoka Uyuni (3,656) mtakuwa mnalala karibu wiki mbili karibu na usawa wa Horombo au juu yake, mnakula hapo, mnapanda ngazi hapo, mnagombana na dereva taksi hapo. Kwenye urefu wa La Paz hewa unayovuta ni kama theluthi mbili tu ya ile ya Kariakoo. Mtu mzima anazoea vizuri sana, watu mamilioni wamezaliwa huko na wanacheza mpira, ila mwili unataka siku zake.

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi. Ndege zenu kutoka huku zinaweza kupitia São Paulo, Ethiopian wanakwenda hapo kutokea Addis, na kutoka hapo mnaunga mpaka Lima. Lima iko baharini. Agosti ni kijivu tupu, baridi ya kama ile ya Lushoto, ukungu unatonatona wenyewe wanauita garúa, haunyeshi na haukauki. Siku mbili zinatosha, muondoe uchovu wa ndege, mle samaki wa ndimu, na kama mna nguvu mkaone Huaca Pucllana, piramidi la tofali za udongo lipo katikati ya mji kabisa, majumba ya ghorofa yamelizunguka. Udongo mtupu umesimama zaidi ya miaka elfu moja kwa sababu mvua hakuna.

Hapo ndo mtaanza kuelewa jangwa la upande ule. Pwani yote ile kutoka Peru mpaka kaskazini ya Chile ni jangwa linagusa bahari, jambo ambalo kwa mtu wa Tanga au Mombasa haliingii akilini, bahari hii hapa na hakuna hata mnazi. Sababu ni maji. Bahari yetu ni ya joto, inatoa mvuke, mvua tunapata. Kule unapita mkondo wa Humboldt, maji ya baridi yanatoka kusini, hewa ya juu yake inapoa inabaki chini chini inakuwa ukungu, haipandi ikawa wingu la mvua. Na upande wa pili milima ya Andes imeziba mvua ya Amazon. Mji wa Arica, Chile, uliwahi kukaa zaidi ya miaka 14 bila tone, kuanzia 1903 mpaka 1918. Mtoto anazaliwa, anaanza shule, anabalehe, hajawahi kuona mvua.

Kutoka Lima shukeni kusini kwa basi, mabasi ya kule ni mazuri kuliko mnavyodhani, siti zinalala. Paracas kuona ndege na simba wa bahari wa visiwa vya Ballestas, Huacachina ile oasisi iliyozungukwa na mchanga, halafu Nazca, penye michoro mikubwa ya kale iliyochorwa ardhini. Nazca kuna ndege ndogo ya nusu saa hivi, rubani anailaza kulia ili upande mmoja muone nyani, anailaza kushoto ili wengine nao waone, kulia tena, kushoto tena. Msinywe chai. Mke wangu ambaye La Paz alinicheka, hapa alitumia mifuko miwili. Kama hamtaki ndege kuna mnara pembeni ya barabara kuu, mnaona michoro miwili mitatu, na mtaona pia jinsi hiyo barabara ya Panamericana ilivyomkata mjusi mzima katikati, waliopima barabara hawakujua kama kuna mjusi. Ile michoro hakuna uchawi wala watu wa sayari nyingine, ni watu waliondoa mawe meusi ya juu wakaacha udongo mweupe wa chini uonekane, basi, na kwa kuwa hakuna mvua ya kuufuta mchoro uko pale miaka elfu mbili. Kazi kubwa ilikuwa kupima mstari ukae sawa kilomita nzima.

Nazca mpaka Arequipa ni basi la usiku, na Arequipa ndo dawa yenu. Mita 2,335. Kaeni usiku tatu, msiibe hata mmoja. Mji wote umejengwa kwa jiwe jeupe la volkano, mlima Misti (5,822) umesimama juu yake kama Kibo unavyosimama juu ya Moshi, nilipoamka asubuhi ya kwanza nikafungua dirisha nilijisikia nyumbani kabisa. Kuna makumbusho wanamhifadhi Juanita, binti wa Kiinka (Wainka ndo waliotawala Andes kabla ya Wahispania) wa kama miaka 12 hadi 15 aliyetolewa sadaka kwa mlima karne ya 15, barafu ikamtunza, wakampata 1995 juu ya Ampato, mlima wa zaidi ya mita 6,000. Yuko kwenye boksi la kioo lenye ubaridi, muda mwingine wanampumzisha wanaweka mwingine. Mimi sikukaa mbele ya kioo muda mrefu, ila kilichonishika ni viatu vya wale watu. Ni ndara tu. Mimi nakagua buti za wageni pale getini Marangu, hii haifai, hii inavuja, na hawa walimpandisha mtoto mita elfu sita na ndara za kusuka, tena wakabeba na vyombo vya udongo. Kule Llullaillaco, mpakani mwa Chile na Argentina, wamekutwa watoto watatu wa aina hiyo kwenye mita 6,739. Wazungu wa kwanza wamefika kilele cha Kibo 1889.

Colca iko karibu, mnaenda kuona kondori, ndege wakubwa wa Andes, wanaelea kwenye bonde lenye kina kirefu, lakini angalieni basi linapita Patapampa kwenye mita 4,900 hivi. Kupita tu sio kulala, kichwa kitauma kidogo kitaacha, ni mazoezi mazuri. Shukeni pale muone vimawe vilivyopangwa, msikimbie kupiga picha.

Kutoka Arequipa ndege saa moja hivi mpaka Cusco, na hapa nisikilizeni. Mkishatua msilale Cusco. Chukueni gari hapo hapo uwanjani mteremke Bonde Takatifu, Ollantaytambo iko chini ya 2,800. Watu wengi hawajui kwamba Machu Picchu yenyewe iko mita 2,430 tu, kimo cha Mandara hakifiki! Anayeumwa Machu Picchu kaumwa kwa sababu ya Cusco. Kwa hiyo bonde kwanza, usiku mbili, treni kutoka Ollantaytambo mpaka Aguas Calientes, kimji kilicho chini ya Machu Picchu, maana barabara ya gari haifiki, usiku mmoja, Machu Picchu asubuhi, na Cusco ndo inakuja baadaye mkiwa wazima mkaifaidi. Pakeji yenu imegeuza hapo tu, na wanageuza kwa sababu ndege inatua Cusco, ni rahisi kwao.

Tiketi za Machu Picchu zinauzwa kwa saa na kwa njia maalum mtakayopita ndani, zina jina na namba ya pasipoti, Agosti ni msimu, zinaisha. Nunueni miezi kabla na muulize hiyo pakeji imewawekea njia gani, maana kuna njia nyingine hufiki ile sehemu ya picha ambayo kila mtu anaijua na utarudi Dar unalalamika. Ile njia ya miguu ya siku nne, Inca Trail, wanaruhusu watu 500 kwa siku pamoja na wapagazi, na Februari wanafunga. Ina sehemu moja ya juu inayozidi 4,200 kidogo. Kama mnaipenda inabidi mkate mapema sana. Ila niliongea na wapagazi wa kule kwa Kihispania changu cha kuokoteza, na story ni zile zile za wagumu wetu, kilo 20 za sheria na kilo za ukweli, nani anapima na nani anafumba macho. Wana wimbo wanaimba wakipanda. Nikawaimbia Jambo Bwana wakacheka hawakuelewa kitu.

Kuhusu magofu yenyewe sitaki kuwamalizia utamu. Kimoja tu. Cusco kuna mtaa unaitwa Hatun Rumiyoc, mwembamba, ukuta wa Kiinka upande mmoja, na kwenye ule ukuta kuna jiwe lina pembe 12. Watu wanapanga foleni kulipiga picha. Mimi nawaambia liacheni, tembeeni mbele hatua kumi, muweke jicho karibu kabisa na ukuta bila kugusa, muangalie jinsi jiwe moja linavyoingia kwenye jingine. Hakuna chokaa. Sisi huku Kilwa wazee walijenga kwa matumbawe na chokaa, Husuni Kubwa ni ya zamani kuliko Machu Picchu kwa zaidi ya miaka mia, na chokaa ndo ilikuwa siri. Wainka chokaa hawakutaka, chuma hawakuwa nacho, walikuwa wanagonga jiwe kwa jiwe mpaka likae, na kuta zao zimeinama ndani kidogo kama mtu anaeegemea. Mwaka 1950 tetemeko lilipiga Cusco, kanisa la Santo Domingo ambalo Wahispania walilijenga juu ya hekalu la Qorikancha likavunjika vibaya na kuta za Kiinka za chini zikabaki zimesimama. Mzee mmoja pale alinielezea hilo kwa furaha kama vile ni jana.

Baada ya Cusco mambo ni kama mlivyopanga. Basi la kwenda Puno linapita La Raya, 4,335, mnaliona ziwa Titicaca jioni, 3,812. Visiwa vya matete vya Uros ni biashara ya watalii siku hizi, nendeni lakini msikasirike. Kisiwa cha Jua upande wa Bolivia ni kizuri zaidi, kimya, ngazi nyingi. La Paz siku mbili, pandeni zile gari za kamba za Mi Teleférico, ndo daladala zao kabisa, mnapanda na mama kabeba mboga na mwanafunzi anasinzia na mji wote uko chini yenu. Nusu siku Tiwanaku, mji mkubwa kabla ya Wainka, Wainka wenyewe walipofika waliukuta ni gofu.

Agosti ni mwezi wa Pachamama, ardhi mama. Mtaona mtu anapewa bia, anamwaga kidogo chini kwanza kabla hajanywa. Babu yangu Kibosho alikuwa anafanya hivyo hivyo na mbege, nikamwambia muuza duka mmoja wa Copacabana, mji wa Bolivia kando ya Titicaca, kwa ishara, akanipa bia ya pili bure.

Sasa Uyuni mpaka Atacama, siku tatu kwa Land Cruiser, hapa ndo penye raha na penye hatari. Chumvi yenyewe ni zaidi ya kilomita za mraba 10,000, nyeupe mpaka macho yanauma. Agosti ni kavu, ule mnaouona kwenye picha kama kioo cha maji ni wa miezi ya mvua, Januari mpaka Machi, kwa hiyo msidai hela yenu irudishwe. Mnapata ile sakafu yenye vigae vya pembe sita inayolia kwa miguu kama unakanyaga bisi. Jua linapiga kutoka chini pia. Pakeni losheni chini ya kidevu, chini ya pua, na hata ndani ya matundu ya pua, sitanii, mimi niliungua humo humo na wiki nzima nilikuwa napenga kwa machozi. Weusi wetu hautusaidii pale.

Usiku wa pili wengi wanalala karibu na Laguna Colorada, kama 4,280. Katikati ya Horombo na Kibo. Ziwa ni jekundu kwa ajili ya vijimea vya majini, na ndani yake flamingo, ndugu wa heroe wetu wa Natron, spishi tatu, wamesimama kwenye maji ambayo alfajiri pembeni yameganda. Malazi ni ya kawaida kabisa, umeme wa masaa, baridi inashuka chini ya sifuri kwelikweli, chupa yangu ya maji iliganda ndani ya chumba chini ya kitanda. Tuliunganisha vitanda viwili na mablanketi sita na bado mke wangu alilala na koti, akaniwekea miguu yake mgongoni nikapiga kelele nyumba nzima ikaamka. Mpishi alituletea supu yenye vitu vyeusi vyepesi kama mkaa, ni chuño, viazi wanavyovianika usiku vigande, mchana wanavikanyaga kwa miguu kutoa maji, wanaanika tena siku kadhaa, vinakaa miaka. Ladha yake, mhh, muonje tu. Maharage msitegemee, kwenye urefu ule maji yanachemka kabla hayajawa ya moto wa kutosha, kama nyuzi 86, maharage yanachemka mpaka kesho hayaivi. Wapishi wetu wa mlimani wanalijua hilo.

Kuhusu gari. Kampuni moja tuliyopanda nayo mara ya kwanza, jina naliacha, dereva alikuwa amelewa saa mbili asubuhi. Nilimwambia sipandi. Wenzetu wanne kwenye gari wakaniona nawaharibia safari, mke wangu akashusha begi letu bila kusema neno, na tulipoteza siku na hela. Kwa hiyo kabla hamjalipa ulizeni gari lina mtungi wa oksijeni au halina, tairi za akiba ngapi, watu wangapi ndani (sita ni wengi, watano sawa), dereva peke yake au na mpishi. Wakijibu kwa kucheka tafuteni wengine. Na msije mkashawishika kuifanya hii njia kinyume, kutokea San Pedro, mji wa jangwa la Atacama, kwenda Uyuni kama mwanzo wa safari. San Pedro iko 2,400 na usiku wa kwanza wanakulaza juu ya 4,200, ukipitia kwenye chemchemi za mvuke zinazokaribia 5,000. Kwa anayetoka baharini hiyo ni adhabu. Kwa upande wenu mtakuwa mnateremka, mtafika San Pedro mnapumua kama mbuzi wachanga.

Presha ya shemeji. Mimi sio daktari, ila nimeshusha watu wengi mlimani usiku. Aende kwa daktari wake mwezi mmoja au miwili kabla, aseme wazi atalala 4,200, wazungumzie dawa zake zinavyokaa huko juu maana presha inaweza kupanda siku za mwanzo. Diamox, vidonge vya kuusaidia mwili kuzoea hewa ya juu, inasaidia wengi, ila inakukojoza, inaweza kugongana na baadhi ya dawa za presha, na wenye mzio wa dawa za salfa inabidi waseme. Asiache vidonge vyake hata siku moja kwa sababu anajisikia vizuri. Chai ya majani ya koka watawapa kila hoteli, ni halali Peru na Bolivia, inatuliza kidogo, sio tiba, na msibebe majani kuvuka mpaka wala kunywa kama kazini mnapimwa dawa za kulevya maana inaonekana kwenye vipimo. Pombe siku mbili za mwanzo kila mkipanda, hapana. Kichwa kikiuma hakuna kupanda zaidi mpaka kiache. Akianza kuyumba kama mlevi, kuongea mambo hayaeleweki, au anahema amekaa tu, mnashuka usiku huo huo, hamsubiri asubuhi, hamuulizi bei ya gari.

Na wewe dada ndo msimamizi wake, na yeye wako. Mimi na wangu tuna utaratibu, jioni kabla ya kula kila mtu anampa mwenzake namba ya kichwa chake, sifuri mpaka kumi, na ukidanganya unafua nguo zote safari nzima. Nimefua.

Mambo madogo: kadi ya njano ya homa ya manjano bebeni, Bolivia wanaiulizia. Viza za nchi tatu anzeni mapema na muulize balozi zenyewe, sio mtu wa pakeji, pamoja na habari ya kupitia Brazil. Bima iandikwe inagharamia mpaka mita 5,000, nyingi zinaishia chini ya hapo. Dola safi zisizochanika kwa ajili ya Bolivia. Mpakani Chile wakali mno kwa vyakula, tunda moja kwenye begi ambalo hujalitaja ni faini, mke wangu alikula machungwa manne amesimama kwenye foleni. San Pedro pangeni tarehe ambayo mwezi haujajaa, nyota za pale hakuna mfano, ndo maana darubini za ALMA zenye antena 66 wameziweka jirani hapo kwenye mita 5,000.

Mlima wa shemeji upo. Unaitwa Licancabur, mtauona San Pedro kila ukigeuka, umechongoka kama pia iliyogeuzwa. Mita 5,916, unaizidi Uhuru kwa mita 21 tu, na kileleni kuna kuta za mawe za Wainka na ziwa ndani ya shimo la volkano. Watu wanaupanda kutokea Bolivia na muongozaji wa pale, upande wa Chile kulitegwa mabomu ya ardhini miaka ya 70 kwa hiyo hakuna kujipitisha. Ni siku moja ngumu, mnaanza usiku kama Kibo, kokoto zinateleza, unapanda hatua mbili unarudi moja. Kwa ratiba niliyowapa, akifika pale atakuwa ameshalala juu zaidi ya wiki, mwili wake utakuwa tayari kuliko ulivyokuwa Kibo, kwa hiyo daktari akiruhusu na namba zake za jioni ni sifuri na moja, aongeze siku mbili kabla hamjavuka mpaka.

Mimi sikuupanda. Tulisimama kwenye ziwa la Laguna Verde chini yake asubuhi, muongozaji akaniuliza nataka, nikamwangalia mke wangu, amekaa kwenye bampa la gari anakunywa chai, akaniambia nenda bwana, mimi nakusubiri hapa, ila mabegi nitabeba mimi.